Kumtuliza Mtoto Aliyelazwa, na Kuwatuliza Wazazi Wake: Mwongozo kwa Anayetaka Kuifanya Kazi Hii kuwa Taaluma

Wazazi wengi, wa pwani na wa bara, waliosoma na wasiosoma, wamewahi kumtishia mtoto kwa maneno haya: "Ukiendelea kulia nitamwita daktari akuchome sindano." Siku mtoto huyo anapougua kweli na kulazwa, tishio la nyumbani linamfuata hadi wodini, na kila aliyevaa koti jeupe anageuka kuwa yule aliyekuwa akiitwa kuja kumwadhibu. Mwongozo huu unamhusu mtu anayetaka kufanya kazi ya kusimama kati ya mtoto huyo na hofu yake: kumweleza kinachokuja, kumpa mchezo, kumtuliza mama yake, na kubaki nao hata pale tiba inaposhindwa. Ni kazi yenye ufundi wake na mafunzo yake, lakini katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki haina nafasi yake kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za watumishi. Kwa sababu hiyo ushauri wangu tangu mwanzo ni mmoja: usianze kwa kutafuta cheo, tafuta taaluma inayotambuliwa ambayo itakufikisha kitandani pa mtoto, kisha jifunze ufundi huu na uubebe ndani ya taaluma hiyo.

Hatua ya kwanza: Ijue kazi yenyewe na mipaka yake

Huko Marekani kazi hii ina historia inayojulikana. Mwaka 1955 Emma Plank, mwalimu wa watoto wadogo, alianzisha katika hospitali ya jiji la Cleveland programu ya kushughulikia maisha ya watoto waliolazwa, si magonjwa yao tu, na kutokana na juhudi kama hizo ikazaliwa taaluma yenye shahada, mafunzo ya vitendo na mtihani. Nchini Uingereza msukumo ulikuwa tofauti kidogo. Hospitali zilikuwa zikiwaruhusu wazazi kuwaona watoto wao kwa saa chache tu, hadi kamati iliyoongozwa na Sir Harry Platt ilipotoa ripoti yake mwaka 1959 na kupendekeza wazazi waruhusiwe kuwa na watoto wao.

Kwetu hali ni kinyume, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Mama hahitaji kupigania ruhusa ya kubaki, kwa maana wodi zetu zinamtegemea: yeye ndiye anayemwogesha mtoto, anayemlisha, anayekwenda dirishani kufuata dawa, na usiku hulala kwenye kitanda kimoja na mtoto au kwenye kanga aliyoitandika sakafuni. Kilichopiganiwa kwa miaka mingi London sisi tunacho kwa sababu ya uhaba wa wauguzi. Kwa hiyo mtu anayefanya kazi hii hapa hafanyi na mtoto peke yake hata siku moja. Humfikia mtoto kupitia kwa mama, bibi au shangazi aliyeketi kando yake.

Mifano ya karibu ipo. Mjini Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, kituo cha watoto cha Sally Test kimekuwa na wahudumu ambao kazi yao ni michezo, mafunzo na faraja kwa watoto waliolazwa. Dar es Salaam, taasisi ya Tumaini la Maisha hufanya kazi pamoja na wodi ya saratani ya watoto ya Muhimbili, ikizisaidia familia kwa malazi na watoto kwa masomo na michezo wakati wa matibabu yanayochukua miezi. Ukipata nafasi ya kutembelea mojawapo, nenda.

Mipaka nayo ieleweke mapema. Wewe hutoi majibu ya vipimo, hubadilishi dawa, humshawishi mzazi asaini fomu asiyoielewa. Wala wewe si mtu wa baluni na kamera anayefika Desemba, akapiga picha na watoto, akaondoka kabla ya chakula cha mchana. Sina ugomvi na baluni, lakini mtoto anayebaki wodini baada ya mgeni kuondoka ndiye anayehitaji mtu wa kurudi kesho yake saa ileile.

Hatua ya pili: Chagua mlango wa kuingilia

Milango mikuu ni minne. Wa kwanza ni uuguzi. Muuguzi yupo na mtoto usiku na mchana, ana leseni, na hahitaji kuomba ruhusa ya kusogea kitandani. Tatizo lake ni kwamba zamu yenye watoto wengi na wauguzi wachache haimwachii dakika kumi za kukaa chini na kucheza. Wa pili ni ustawi wa jamii. Nchini Tanzania Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyoko Kijitonyama, Dar es Salaam, hufundisha fani hii kuanzia ngazi za chini hadi shahada, na hospitali kubwa huwa na ofisi ya ustawi wa jamii. Wa tatu ni saikolojia na ushauri nasaha, inayofundishwa katika vyuo vikuu kama vile Dar es Salaam na Nairobi. Anayekusudia kufanya kazi Kenya ajue kwamba kuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inayosimamia usajili. Wa nne ni ualimu wa elimu ya awali au elimu maalumu, mlango unaodharauliwa ingawa mwalimu aliyezoea watoto wa miaka minne ana mikono inayojua kazi kuliko wengi wenye vyeti vikubwa.

Ukiniuliza mimi, kwa Tanzania ningechagua ustawi wa jamii, lakini ningeingia macho yakiwa wazi. Wagonjwa wengi wanaijua ofisi ya ustawi wa jamii kama mahali pa kuomba msamaha wa gharama, na siku yako inaweza kumalizika kwenye fomu za msamaha bila kumwona mtoto hata mmoja. Wakati huohuo msamaha wenyewe ni sehemu ya faraja, kwa sababu mama anayewaza deni la hospitali hana nafasi moyoni ya kusikia maneno matamu. Unachotakiwa kufanya ni kupanga saa maalumu za wodini na kuzilinda, hata ikibidi foleni ya ofisini isubiri.

Hatua ya tatu: Onja kazi kabla ya kulipa ada

Usitumie miaka mitatu ya ada kwa kazi ambayo hujawahi kuinusa, na neno kunusa nimelitumia kwa makusudi, maana wapo wenye moyo mzuri ambao hawawezi kukaa kwenye harufu ya dawa, matapishi na vidonda zaidi ya nusu saa. Andika barua kwa mganga mfawidhi wa hospitali au kwa mkurugenzi wake, nakala kwa muuguzi kiongozi wa wodi ya watoto, ukieleza wewe ni nani, unataka kujitolea siku zipi na saa ngapi, na nani atakusimamia. Omba muda mfupi unaoweza kuutimiza: nusu siku mara mbili kwa wiki kwa miezi mitatu ni ahadi yenye uzito kuliko "wakati wowote mtakaponihitaji". Ambatisha barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wako na majina ya wadhamini wawili. Ukiwa na chanjo ya homa ya ini aina ya B, sema. Kama huna, ipate kwanza. Usiingie wodini ukiwa na mafua au kikohozi, na katika wodi ya saratani kosa hilo linaweza kumgharimu mtoto maisha, kwa kuwa dawa za saratani hushusha kinga ya mwili.

Katika miezi hiyo mitatu fanya kazi ndogo: osha vitu vya kuchezea kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu, kaa na mtoto wakati mama yake anakwenda kuoga, soma hadithi. Na angalia. Angalia mtoto gani amenyamaza sana. Wodini anayelia hupata huduma haraka. Aliyenyamaza husifiwa kuwa ni mtoto mzuri, na mara nyingi ndiye aliyekata tamaa.

Hatua ya nne: Jifunze mtoto anaelewa nini katika kila umri

Mtoto wa chini ya miaka mitatu haogopi ugonjwa. Anaogopa kutengana na mlezi wake. Dawa ya hofu yake ni mama, sauti ya mama na kanga yenye harufu ya mama, kwa hiyo kazi yako kwa umri huu ni kumwezesha mama abaki karibu na awe mtulivu.

Kuanzia miaka mitatu hadi sita hivi mtoto anaamini kwamba mambo hutokea kwa sababu yake. Akiungua uji, au akivimba tumbo, anaweza kuwa na hakika kwamba ameadhibiwa kwa kuiba sukari au kumpiga mdogo wake. Hatakwambia. Utalisikia jambo hilo katika mchezo, pale mwanasesere wake anapochomwa sindano "kwa sababu alikuwa mtundu". Ukisikia hivyo, mwambie waziwazi na kwa kurudia: hukufanya kosa lolote, ugonjwa huu haukuletwa na jambo ulilofanya, ulilosema wala ulilowaza.

Wa miaka saba hadi kumi na moja anataka kujua vyombo vinafanyaje kazi. Mchoree moyo, mapafu, mshipa. Mpe bomba la sindano lisilo na sindano alijaze maji alisukume. Atakuuliza damu yake iliyochukuliwa inakwenda wapi na kama ataishiwa; usicheke, mjibu.

Kijana wa kumi na mbili na kuendelea ana shida nyingine kabisa: mwili wake. Kunyonyoka nywele, kukatwa mguu, kufunuliwa shuka mbele ya madaktari wanafunzi kumi kwenye raundi, kulazwa kitanda kinachofuatana na cha mtoto anayenyonya. Mwombee pazia. Muulize yeye kabla ya kumuuliza mama yake. Na usimletee kalamu za rangi na picha ya sungura.

Hatua ya tano: Safisha ulimi wako

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo vitabu vilivyoandikwa kwa lugha nyingine havitusaidii sana, kwa sababu mitego iliyomo ni ya Kiswahili chenyewe. Sikiliza kwa masikio ya mtoto wa miaka minne maneno tunayoyatumia kila siku wodini. Tunasema "utachomwa sindano", na yeye anajua kinachochoma ni moto. Tunasema "twende ukapigwe picha", na yeye anajua maana ya kupigwa. Tunasema "daktari atampasua", neno la kuni na la nazi. Tunasema "watakutoa damu", bila kueleza ni kiasi gani, naye anaona ndoo. Mtu mzima amezizoea kauli hizi kiasi kwamba hazisikii tena. Mtoto anazisikia kama zilivyo.

Tengeneza msamiati wako mwenyewe na uuzoee. Badala ya kuchomwa, sema muuguzi ataingiza dawa mkononi kwa sindano nyembamba, na utahisi kama umefinywa. Badala ya kupigwa picha, sema mashine kubwa itatazama mifupa yako bila kukugusa, nayo haiumi, ila itabidi ukae bila kutikisika mpaka mhudumu aseme tayari. Kwa damu, mwonyeshe kichupa chenyewe. Kwa upasuaji, eleza sehemu, eleza kwamba kuna dawa ya kumfanya asisikie, eleza kwamba ataamka na atakuta bandeji.

Neno "kulala" linahitaji uangalifu wa peke yake. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilimwambia mtoto wa miaka mitano anayekwenda chumba cha upasuaji kwamba atapewa dawa, atalala, na kila kitu kitakwisha. Alianza kupiga kelele ambazo sikuzielewa mpaka shangazi yake aliponivuta pembeni na kunieleza kwamba mwezi uliopita, bibi wa mtoto alipofariki, wakubwa walimwambia "bibi amelala". Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo nasema: hii si kama kulala usiku nyumbani, ni dawa maalumu inayoufanya mwili usisikie kitu, daktari wa dawa hiyo anakaa karibu nawe muda wote, na akiacha kukupa dawa unaamka. Kabla ya kusema hayo yote, namuuliza mlezi kama kuna msiba wa karibu katika familia na mtoto aliambiwaje.

La mwisho kuhusu ulimi: usiseme haitauma kama itauma. Mtoto akidanganywa mara moja hamwamini tena mtu yeyote wa wodi hiyo, na dripu yake ya pili itahitaji watu wanne wa kumshika.

Hatua ya sita: Mwandae mtoto kwa tendo la tiba, kisha ukae naye

Chukua mfano wa kuwekewa kanula, kijibomba chembamba kinachoachwa kwenye mshipa ili kupitishia dawa, tendo linalofanyika mara nyingi kuliko yote. Uliza kwanza kwa muuguzi litafanyika saa ngapi na mkono upi. Mtoto mdogo mwambie muda mfupi kabla, dakika chache zinatosha, kwa sababu ukimwambia asubuhi jambo la jioni atakaa na hofu siku nzima. Mkubwa mwambie mapema zaidi, apate nafasi ya kuuliza. Mletee mwanasesere wa kitambaa, kamba ya mpira ya kufungia mkono, pamba yenye spiriti ainuse, na kanula isiyo na sindano, na mwache yeye amwekee mwanasesere. Asilazimishwe. Mtoto anayetazama tu kwa pembe ya jicho naye anajifunza.

Kisha mpe uchaguzi, lakini uchaguzi wa kweli. Usimuulize "uko tayari?" kama hapana yake haitakubaliwa. Muulize akae kwenye paja la mama au kitandani, atazame au ageuke, ahesabu au aimbe. Mkao una uzito mkubwa. Kumlaza mtoto chali na kumkandamiza kunamtia hofu kuliko sindano yenyewe. Mwachie mama ampakate kifua kwa kifua, mkono mmoja ukiwa umenyooshwa na kushikwa kwa upole na muuguzi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015 kuhusu kupunguza maumivu ya chanjo, lilipendekeza mambo ya namna hii hii: mlezi awepo, mtoto mdogo apakatwe, anayenyonya anyonyeshwe wakati huo au muda mfupi kabla, na wahudumu watumie maneno yasiyotisha. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji bajeti, na nalitumia jambo hili kila ninapoambiwa kwamba huduma ya namna hii ni ya nchi tajiri.

Wakati wa tendo sauti iwe moja. Watu wanne wakisema kwa pamoja "pole, usilie, jikaze, tayari tayari", mtoto hamsikii hata mmoja. Kubalianeni mapema ni nani atakayezungumza, mama au wewe, na wengine wanyamaze. Mpe mtoto pumzi ya kupuliza: mapovu ya sabuni ni mazuri, na yakikosekana apulize kiganja chake kama anayepoza uji. Akilia, alie. Kauli ya "mwanaume halii" iondoe kabisa, na ikitoka kwa baba mjibu kwa heshima kwamba kulia kunaruhusiwa, kinachoombwa ni mkono tu usitikisike.

Baada ya hapo msifie kwa alichofanya, si kwa kutokulia. "Uliuweka mkono wako sawasawa mpaka mwisho" ni sifa anayoweza kuirudia wiki ijayo. Kama inawezekana, tendo lifanyike kwenye chumba cha taratibu za tiba na si kitandani, ili kitanda kibaki mahali pa usalama. Hospitali yenye wodi moja haina chumba cha ziada. Hapo pazia au hata kugeuza upande wa kitanda husaidia.

Hatua ya saba: Mfikie mzazi alipo

Mama aliyesafiri kutoka Sengerema au Kigoma na mtoto mwenye uvimbe wa taya ameacha watoto wengine nyumbani, shamba halijapaliliwa, na baba hapigi simu. Jirani wa kitanda amemwambia kwamba uvimbe kama huo ni mkono wa mtu. Uvimbe huo mara nyingi ni limfoma ya Burkitt, aina ya saratani ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Uganda, na ambayo hutibika kwa dawa ikiwahiwa na matibabu yakikamilishwa. Tatizo liko kwenye kukamilishwa. Baada ya dozi za mwanzo uvimbe hupungua haraka, mama anaona mtoto amepona, nauli ya kurudi haipo, na familia haionekani tena mpaka ugonjwa urejee kwa nguvu. Mtu wa kazi yetu hapo hafanyi hisani ya pembeni. Anashiriki katika tiba yenyewe.

Kwa hiyo siku ya kwanza usianze kwa kuuliza "unajisikiaje?", swali ambalo mama wengi watalijibu "nashukuru Mungu" na mazungumzo yakaishia hapo. Anza na salamu kamili, mwite Mama Fulani kwa jina la mwanawe, au bibi, au shangazi kadiri anavyostahili, kaa chini usawa wake, kisha uliza mambo ya kushikika: umekula, umelala wapi, nani amebaki na watoto, umeambiwa nini kuhusu ugonjwa. Swali la mwisho ndilo ufunguo. Mwache aeleze kwa maneno yake, na utagundua kwamba alichoelewa na kilichoandikwa kwenye faili ni vitu viwili. Usimsahihishe papo hapo mbele ya watu. Peleka pengo hilo kwa daktari, omba akae naye, na wewe uwepo. Kama Kiswahili chake ni cha kuungaunga na lugha anayoijua vizuri ni Kisukuma au Kiha, tafuta mfanyakazi anayeijua. Usimtumie mtoto mwenyewe wala mgonjwa jirani kuwa mkalimani.

Kuhusu waganga wa kienyeji na maombezi, usibishane. Uliza mtoto amepewa nini cha kunywa, kwa sababu daktari anahitaji kujua, kisha mwambie kwamba sala zake hazizuiwi na mtu, na kwamba dawa za hospitali zinahitaji kuendelea bila kukatizwa. Imamu au mchungaji anayeaminiwa na familia, akielewa matibabu, huweza kumrudisha wodini mama ambaye wewe ungempigia simu mara kumi bila kupokelewa.

Wasisahauliwe ndugu wa mtoto. Wao wako nyumbani, wameambiwa mama atarudi Jumapili, na Jumapili zimepita nne. Simu ya dakika tano ambamo mgonjwa anazungumza na dada yake, au mchoro uliokunjwa na kupelekwa na mjomba anayerudi kijijini, huwatuliza pande zote mbili.

Hatua ya nane: Jiandae kwa kifo

Si watoto wote watakaopona, na huwezi kuifanya kazi hii kama umejificha usilione jambo hilo. Jifunze tiba shufaa, yaani matunzo yanayolenga kupunguza maumivu na mateso pale ugonjwa unapotishia maisha, na usiifikirie kama huduma ya siku za mwisho pekee. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa Kampala na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ilieneza matumizi ya mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, ya maji ya kunywa, na hutoa mafunzo kwa watumishi wa afya. Nchini Kenya, Nairobi Hospice imekuwepo tangu mwaka 1990. Kozi fupi ya tiba shufaa ni nyongeza bora kuliko zote kwenye cheti chako cha kwanza.

Mtoto akiuliza "nitakufa?", usikimbilie "usiseme hivyo". Muulize ni nini kimemfanya awaze hivyo, kwa sababu pengine ameona kitanda cha jirani kimebaki kitupu asubuhi na hakuna aliyemweleza. Kabla ya kumjibu zaidi zungumza na wazazi na daktari, lakini usimwache na ukimya. "Umeumwa sana, madaktari wanajitahidi, na hatutakuacha peke yako" ni maneno ya kweli unayoweza kuyasema jioni hiyohiyo. Mtoto akifariki, mpe mama nafasi ya kumshika na kumwosha kama dini na mila yake zinavyotaka, na uharakishe karatasi za kuchukua mwili ili familia ya Kiislamu isicheleweshwe kuzika. Kwa watoto waliobaki wodini, sema ukweli kwa maneno machache: mwenzenu amefariki, mwili wake haukuweza kuendelea. Mtoto ambaye ugonjwa wake kweli ni tofauti, mwambie hivyo pia.

Hatua ya tisa: Linda siri, na ujilinde

Picha ya mtoto mgonjwa haipandi mtandaoni, hata mama akikubali, kwa sababu mama anayekutegemea kwa nauli hawezi kukukatalia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Jambo moja tu halifichwi: dalili kwamba mtoto anaumizwa nyumbani. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa serikali ya mtaa, na kwa Kenya isome Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Usimwahidi mtoto kwamba siri yake yoyote itabaki kwako.

Usitoe fedha zako mfukoni. Utashawishika, nami nilishawishika, na kilichotokea ni kwamba wodi nzima ilijua ifikapo jioni, nikabaki wa kukwepa macho ya mama kumi na wawili. Peleka hitaji kwenye ofisi au mfuko unaohusika. Na tafuta mtu mmoja aliyekutangulia katika kazi, ambaye mtakutana kila wiki mbili uongee yaliyokulemea. Usiyapeleke nyumbani kwa mwenzi wako peke yake.

Hatua ya kumi: Pata ajira, au itengeneze

Nafasi za serikali nchini Tanzania hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, nazo utaziona kwa jina la afisa ustawi wa jamii, muuguzi au msaidizi, si kwa jina la kazi tuliyoizungumzia hapa. Mashirika yanayohudumia watoto wenye saratani, magonjwa ya moyo, mdomo sungura na vidonda vya moto huajiri kwa majina yao wenyewe, kwa hiyo soma maelezo ya kazi kuliko kichwa cha tangazo. Anayeitazama Amerika Kaskazini ajue kwamba njia ya kule, ambako kazi hii huitwa child life, hupitia chama cha wataalamu wake, Association of Child Life Professionals, na inahitaji shahada ya kwanza, masomo maalumu, mafunzo ya vitendo ya angalau saa 600 na mtihani. Uingereza ina wataalamu wa michezo ya hospitalini wenye mafunzo na rejista yao. Ni safari ndefu na ghali, na siishauri kwa mtu ambaye hajawahi kukaa wodini kwetu walau mwaka mmoja.

Ukiwa tayari ndani ya hospitali, itengeneze nafasi. Peleka kwa uongozi andiko la kurasa mbili tu, ukiomba majaribio ya miezi mitatu katika wodi moja, saa mbili kila asubuhi kabla na wakati wa taratibu za tiba, pamoja na kabati moja linalofungwa kwa kufuli. Anza kuhesabu siku ya kwanza kabisa: kanula ngapi zimewekwa, ngapi zimefanikiwa kwa jaribio la kwanza, watu wangapi wamehitajika kumshika mtoto, familia ngapi zimerudi tarehe ya kliniki iliyopangwa na ngapi hazikurudi. Andika kwenye daftari la kaunta, kwa mkono, kila siku, na umwombe muuguzi wa zamu atie saini, ili miezi mitatu ikiisha mganga mfawidhi awe na tarakimu mezani zilizothibitishwa na watumishi wake mwenyewe.